Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: fomu ya daktari wa meno haiulizi dawa ya mifupa

Waheshimiwa, shikamooni.

Nawaandikia nyie mnaosimamia hospitali na kliniki za meno, mnaopitisha fomu, mnaoidhinisha dawa na mnaofundisha hao madaktari wetu. Mi sio daktari. Nimekuwa tu mtu wa kubeba faili na kukaa kwenye benchi na kummulika mzazi mdomoni kwa tochi ya simu kwa muda wa miezi tisa, na katika hiyo miezi tisa nimeona shimo moja ambalo linawameza watu wazima kila siku na kuliziba hakuhitaji mashine wala jengo jipya, ni mstari mmoja kwenye karatasi.

Nianze na hiyo karatasi. Siku tulompeleka mama kung'oa jino, gego la chini kushoto, dada wa mapokezi alitupa fomu na kalamu. Mama miwani kaisahau nyumbani kwa hiyo nikajaza mimi. Una presha? Ndio. Sukari? Hapana. Moyo? Hapana. Una mzio wa dawa yoyote? Hapana. Je, ni mjamzito? Mama ana miaka 71, tulicheka wote wawili pale. Afu chini kabisa, dawa unazotumia kwa sasa, nikamuuliza, akasema andika ya presha, nikaandika ya presha. Nikasaini. Dakika ishirini baadae jino limetoka, liko kwenye kisahani.

Sasa huyo mama niliyemwandikia "dawa ya presha" peke yake alikuwa amemeza alendroneti kila wiki kwa miaka sita tangu alipoteleza bafuni akavunjika mkono, ile kidonge cha miligramu 70 unachomeza asubuhi tumbo tupu na glasi nzima ya maji afu hulali chini nusu saa, na baada ya hapo wakambadilishia sindano ya denosumabu, kila miezi sita mara moja, chini ya ngozi. Sindano ya mwisho alichomwa wiki tano tu kabla ya kung'oa. Nilijua yote haya. Mi ndo nilimpeleka kuchomwa! Ila hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuwa ile ni "dawa unayotumia kwa sasa". Kwa mama dawa ni kile kitu unakunywa kila siku chai ikishaiva. Sindano ya mara mbili kwa mwaka kwake ni kama chanjo, umechomwa, yameisha, unarudi nyumbani. Na nimekuja kugundua kwenye mabenchi kuwa karibu kila mzee anafikiri hivyo hivyo.

Kwa wasiojua, maana najua barua hii watasoma na wengine, ngoja nieleze kidogo. Siongelei kalsiamu na vitamini D, hizo endeleeni nazo kama mmeandikiwa. Naongelea dawa zinazozuia mfupa kulika. Mfupa ulio hai una mafundi wa aina mbili, wa kubomoa sehemu iliyochakaa na wa kujenga upya, na uzeeni, hasa kwa wanawake hedhi ikishakoma, wabomoaji wanawazidi kasi wajenzi, ndo mfupa unakuwa mwepesi na kuvunjika kwa kitu kidogo. Hizi dawa zinawafunga mikono wabomoaji. Zipo za kundi la bisifosfoneti, kama alendroneti ya kumeza, au asidi ya zoledroniki ya kwenye mshipa ambayo kwa mifupa dhaifu unawekewa mara moja kwa mwaka, na ipo hiyo denosumabu. Na wagonjwa wa kansa iliyosambaa kwenye mifupa wanapewa hizi hizi kwa dozi kubwa na mara nyingi zaidi, zoledroniki au denosumabu kila baada ya wiki tatu au nne.

Zinafanya kazi nzuri na sitaki mtu asome barua hii akatupe dawa ya bibi yake. Shida ni kwamba ukishang'oa jino, lile shimo linawahitaji wabomoaji. Lazima kingo zilizokufa ziondolewe kwanza ndo ujenzi uanze, na taya ni mfupa unaojirekebisha kwa kasi kuliko mifupa mingi mwilini, umefunikwa na ufizi mwembamba tu, na mdomo umejaa vijidudu masaa ishirini na nne. Wabomoaji wakiwa wamefungwa mikono, mara chache, narudia mara chache, shimo halifungi, mfupa unabaki wazi na unaanza kufa. Madaktari wana kipimo chao, mfupa ukiwa wazi mdomoni zaidi ya wiki nane kwa mtu anayetumia au aliyewahi kutumia hizi dawa na hajawahi kupigwa mionzi kwenye taya, hapo wanaliita jina lake, kufa kwa mfupa wa taya kutokana na dawa.

Kwa mama wiki ya tatu tulirudi kwa yule yule aliyeng'oa, akaangalia sekunde kumi, akasema wazee hupona taratibu, akaandika antibayotiki tukaondoka. Wiki ya tisa mama ananiambia kuna kitu kinamkwaruza ulimi. Nikawasha tochi. Ndani ya ufizi mwekundu kulikuwa na kitu cha rangi ya pembe, chenye ncha, kidogo kama kipande cha ukucha, mi nikadhani ni chakula kimekwama pale nikachukua pamba nikajaribu kukitoa. Hakikusogea. Mama hakusikia maumivu hata kidogo nilipokigusa, na hicho ndo kilinitisha, nikaondoa mkono. Ilikuwa ni taya yake.

Tulipita kwa daktari wa pili akatupa dawa ya kusukutua tu. Wa tatu ni binti mdogo, nadhani hajamaliza hata miaka mitatu kazini. Kamwamkia mama, kamkalisha, na kabla hajamwambia fungua mdomo akamuuliza: "Mama, umewahi kutumia dawa yoyote ya mifupa, ya kumeza au ya kuchomwa, hata kama uliiacha zamani?"

Mama akasema, "Ile sindano ya mara mbili kwa mwaka?"

Yule dokta akaweka kioo chake chini kwenye trei. Hakusema kitu kama sekunde tano hivi. Afu akaanza kuuliza tarehe.

Waheshimiwa, swali lake lilikuwa na maneno kumi na sita, nimeyahesabu. Angalieni lilivyopangwa maana utamu wote uko hapo. Hakuuliza dawa unazotumia kwa sasa. Kasema "umewahi", kwa sababu bisifosfoneti zikishaingia kwenye mfupa zinakaa miaka, alendroneti inaweza kubaki humo zaidi ya miaka kumi baada ya mtu kuacha kumeza. Kasema "ya kuchomwa", kwa hiyo mzee anakumbuka sindano. Na kasema "ya mifupa", hakutaja jina la kikemia ambalo hata mi nililiandika kwenye kiganja ndo nikalikariri. Mkitaka fomu iwe kamili zaidi ongezeni na kansa, kwa kuwa mgonjwa wa kansa anaweza asijue kabisa kwamba mojawapo ya dripu zake ilikuwa ya mifupa, yeye anajua ni kemo tu.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema mgonjwa naye ana wajibu wa kusema. Sawa. Nimeshasema mi ndo nilijaza, lawama yangu naibeba. Ila swali mlilouliza lilikuwa linavua samaki wa aina moja tu, na nyie mnajua kuna wa aina nyingine. Mnauliza ujauzito kwa ajili ya eksirei na dawa, mnamuuliza hata bibi wa miaka 71, kwa nini? Kwa sababu mlishaamua kwamba hilo haliachwi kwenye kumbukumbu ya mtu. Basi na hili lisiachwe.

Sasa kuna upande wa pili wa hii shida na huo unaniuma zaidi, hauongelewi kabisa. Kwenye benchi la kliniki ya upasuaji wa taya, ambako tulikaa sana, nilikutana na mama mmoja wa makamo, amevaa mkanda wa mgongo. Yeye aliulizwa. Tena aliulizwa vizuri, akajibu vizuri, na kila daktari wa meno akisikia tu sindano ya mifupa anamwambia siwezi kukugusa, nenda kwingine. Kazungushwa sehemu nne na jino limeoza, shavu limevimba, usaha. Mmoja kati yao akamwambia acha kwanza sindano mwaka mmoja ndo urudi. Akaacha. Hakumuuliza yule aliyemwandikia, nani angemwambia amuulize? Miezi kama kumi na moja toka sindano ya mwisho akainama kuokota ndoo, pingili mbili za mgongo zikapondeka.

Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya kuacha, mi sikusoma picha zake. Lakini hili la denosumabu linajulikana vizuri kabisa kwa wataalamu: ukiichelewesha, wale wabomoaji wanafunguliwa mikono kwa mkupuo na wanabomoa kwa hasira, na watu wengine wanapata mivunjiko ya pingili kadhaa kwa pamoja. Sio kama bisifosfoneti ambayo inabaki kwenye mfupa. Kwa hiyo kumwambia mtu "acha tu mwaka mmoja" bila kupiga simu kwa mwenzako aliyemwandikia ni kumtoa kwenye hatari ndogo ya taya kumpeleka kwenye hatari kubwa ya mgongo. Na jino lake lilikuwa bado liko pale pale limeoza, ambalo nalo, kwa taarifa yenu, uambukizo wa jino wenyewe ni chanzo cha huo ugonjwa wa taya hata bila kung'oa. Yaani kumkataa hakukumkinga na chochote.

Hofu hii ya madaktari naielewa ila haina vipimo. Chama cha madaktari wa upasuaji wa mdomo na taya cha Marekani kwenye waraka wao wa 2022 wanasema kwa wanaotumia bisifosfoneti kwa ajili ya mifupa dhaifu ni kama watu 2 mpaka 5 kati ya 10,000 ndo wanapata hili tatizo. Ukiangalia wale waliong'olewa jino huku wanatumia hizo za kumeza, bado ni chini ya 2 kati ya 1,000. Kwa denosumabu ya mifupa dhaifu baada ya kung'oa ni kama 1 kati ya 100, imepanda, lakini bado 99 wanapona. Kwa wa kansa ndo hesabu inakuwa nyingine kabisa, huko inaweza kupita 1 kati ya 10 baada ya kung'oa, na hao ndo wanatakiwa waende kwa mabingwa. Mnaona? Kitu kinachotakiwa ni kujua mgonjwa aliyekaa kwenye kiti ni wa kundi gani. Amemeza miaka mingapi, anameza na steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe kama prednisoloni, au la, ana kansa au hana, sindano ya mwisho lini. Dakika mbili za maongezi.

Uskoti walishatoa mwongozo wao kwa madaktari wa meno wa kawaida mwaka 2017, na ninachokipenda ni kwamba haukuwaambia kimbieni. Unawaambia mgonjwa wa hatari ndogo mng'oe hapo hapo kwako kwa uangalifu, usimrushe hospitali kubwa kwa sababu tu anameza dawa, usimpe antibayotiki za kinga eti kwa sababu ya dawa hiyo tu, mweleze hatari ilivyo, na shimo likiwa halijafunga wiki ya nane na unashuku, hapo mpeleke. Mama yangu angeng'olewa chini ya mwongozo kama huo mtu angekuwa amepanga siku. Kwa denosumabu ya kila miezi sita wengi wanapendelea kung'oa mwezi wa tatu au wa nne baada ya sindano, nguvu ya dawa imeshuka kidogo na ufizi unapata muda wa kufunga kabla ya sindano inayofuata, bila kuichelewesha ile sindano zaidi ya mwezi hivi. Sisi tuling'oa wiki ya tano, na lile jino halikuwa na haraka hiyo, lingeweza kutibiwa mzizi likatulia. Pengine lingebaki tu.

Wala hamuwezi kusema ni jambo geni. Daktari Robert Marx wa Miami aliandika kuhusu wagonjwa 36 mwaka 2003, zaidi ya miaka ishirini sasa. Na taya kufa kwa sababu ya kemikali ni habari ya zamani zaidi ya hapo, karne ya 19 wafanyakazi wa viwanda vya viberiti walikuwa wanaoza mataya kwa mvuke wa fosforasi nyeupe, wengine kupitia jino bovu hivyo hivyo, mabinti wa kiwanda kimoja London wakagoma 1888, na ilipofika 1906 nchi kadhaa zikakaa Bern zikasaini kuipiga marufuku kwenye viberiti. Wakubwa wa wakati ule waliombwa marufuku ikawachukua miaka na miaka. Nyie hamuombwi marufuku, dawa hizi tunazitaka, wazee wetu wanatembea kwa sababu yake.

Tunachoomba ni hivi. Hilo swali liingie kwenye fomu kwa lugha ambayo mzee anaielewa, na liulizwe kwa mdomo pia maana miwani inasahaulika. Anayeandika dawa ya mifupa asiandike kabla hajamuuliza mtu meno yako yakoje, lini mara ya mwisho umeonwa, na kama kuna jino la kung'oa ling'olewe kwanza shimo lifunge ndo dawa ianze, hasa kwa wa kansa, na kwa wa mifupa dhaifu ambao hawana dharura pia hakuna hasara ya kusubiri wiki chache. Mama yangu kwa miaka yote minane hakuna aliyemwambia habari za meno, hata neno moja. Ilikuwepo kwenye lile karatasi la ndani ya boksi, ndio, nimelitafuta nikalikuta, maandishi ya saizi ya mchanga. Ulaya mamlaka yao ya dawa mwaka 2015 ilianza kutaka wagonjwa wa zoledroniki wapewe kadi ya kumbukumbu, kadi tu ya kutembea nayo inayosema natumia dawa hii, angalia taya. Kadi kama ya kliniki ya watoto. Hilo nalo gumu?

Na namba za simu. Yule binti wa tatu alivyotaka tarehe za sindano ilibidi apige simu hospitali iliyomchoma mama, akahamishwa laini mara tatu, mwisho nikaenda mwenyewe na kurudi na karatasi mkononi kesho yake. Anayeandika dawa ya mifupa na anayeng'oa jino wanamtibu mfupa wa mtu mmoja na hawana hata njia ya kuulizana tarehe. Wekeni hiyo njia, iwe kwenye kompyuta iwe kwenye daftari, sisi hatujali.

Mama amepona. Alisukutua klorheksidini mpaka ladha ya chakula ikapotea, akapewa antibayotiki vipindi usaha ulipochachamaa, afu mwezi wa saba tangu kung'oa wakamfanyia upasuaji mdogo wakatoa kipande kilichokufa na kushona ufizi juu yake, na mwezi wa tisa ukafunga. Sindano zake aliendelea nazo, walikubaliana madaktari wote wawili, mara ya kwanza nawaona wanaongea. Kile kipande alikiomba akapewa, kiko kwenye kikopo cha vidonge juu ya kabati, wajukuu wanakiogopa.

Sasa ana jino la juu kulia linatikisika. Sindano inayofuata ni baada ya wiki sita. Wiki ijayo tunaenda kliniki nyingine, karibu na nyumbani, na fomu yao nimeshaipitia jana nilivyopita kuchukua namba. Inauliza presha, sukari, moyo, mzio na ujauzito. Nimeiomba nakala, nimeongeza mstari wa kalamu chini.